Kisu cha Haji Badru na Tanuri la Masista

Nyie vijana mnaotengeneza visu majumbani, mnaonipigia simu kila wiki na swali lile lile, "Mzee Projesti, hapa Kagera nani anaweza kunitilia ubapa wangu moto ukapata ugumu unaotakiwa?", leo nimeamua kuwajibu kwa maandishi, maana kwenye simu mnanikatisha. Jibu fupi lipo na nitawapa. Lakini mtalisubiri kidogo, kwa sababu mimi nilipokuwa nalitafuta kulikuwa na mtu anaumia, na aliyemuumiza nilikuwa mimi.

Nimeshika chuma zaidi ya miaka thelathini. Mingi niliimalizia kwenye karakana ya kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Bukoba, nikachonga shafti, nikaziba mabomba, nikatukanwa na mameneja wa kila namna. Nilipostaafu nikafungua kibanda changu mtaa wa Kashai, vaisi moja, grenda mbili, na jiko la mkaa lenye feni niliyoitoa kwenye gari bovu. Nikawa natengeneza visu: vya kupogolea migomba, vya wachuuzi wa sangara wanaovuka kutoka kisiwa cha Bumbire, vya mabucha. Chuma changu kilikuwa springi za lori. Springi ya lori haina maringo. Unaipasha kwenye mkaa, unaigusisha sumaku, sumaku ikikataa kushika unaongeza joto kidogo, unaichovya kwenye oili vuguvugu, kazi imekwisha.

Hayo nilifundishwa na fundi wangu wa kwanza, mzee tuliyempa jina la Bwana Tupa kwa kuwa hakuamini chuma chochote mpaka akipitishie tupa. Tupa ikiteleza, chuma kimekomaa. Tupa iking'ata, rudi kwenye moto. Siku moja nilichovya kisu kwenye ndoo ya maji baridi, kikapasuka katikati kwa mlio mmoja. Akanizaba kofi, na wakati huo mimi ni mtu mzima, nina mke na mtoto. "Umekiogesha," akaniambia. "Nani alikwambia kisu kinaogeshwa?" Sikumkasirikia. Ningemkumbuka zaidi baadaye, tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo wageni hawalijui. Fundi wa visu wa Bukoba akimaliza kisu anakijaribu kwenye mgomba. Unamchukua mteja mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, unachagua mgomba uliokwisha kukatwa ndizi, unapiga pigo moja. Shina likianguka limekatika safi bila nyuzi kuning'inia, mteja anacheka, anafunga kisu chake kwenye jani la mgomba huo huo, anaondoka. Ndivyo alivyofanya baba, ndivyo tulivyofanya sote, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Haji Badru ndiye mchinjaji wa msikiti wa mtaani kwetu. Babu yake alitoka pwani zamani sana akaoa Mhaya, na Haji anaongea Kihaya kizuri kuliko changu. Tulicheza mpira timu moja tukiwa vijana, yeye golikipa, mimi beki wa kubebeshwa lawama. Mimi ni Mkatoliki. Iddi nakula kwake, Krismasi anakula kwangu, ila kuku wa Krismasi anakuja kumchinja mwenyewe asubuhi kwa kuwa hamwamini mtu. Na ana haki. Kuchinja kwao ni ibada. Kisu kiwe kirefu, kisiwe na pengo hata la ukucha, mnyama asikione, na mkono ukishaanza kuvuta usiinuke mpaka koo limekatika. Kisu kikikwama njiani mnyama anateseka, na watu wanaanza kubishana kama nyama ile ni halali.

Mwaka mmoja, karibu na Iddi ya kuchinja, nikataka kumfanyia rafiki yangu kitu cha pekee. Mpwa wangu alikuwa Mwanza, akaniletea kipande cha chuma kutoka duka linalouzia watu wa viwanda, kimeandikwa D2 kwa rangi nyeupe. Mwenye duka alimwambia hicho ni chuma kinachokata chuma kingine. Ee, nikajivuna. Nikakikata, nikakichonga siku nne, nikakitia mkaa, nikagusisha sumaku, nikachovya kwenye oili. Nikakisugua msasa mpaka nikajiona uso wangu ndani yake. Tupa sikuipitisha, kwa sababu kilikuwa kinang'aa na sikutaka kukikwaruza. Tukaenda kibanjani na Haji, akapiga mgomba, ukaanguka. Haji akasema, akianza kwa neno la heshima la Kihaya, "Waitu Fundi, hiki nitazikwa nacho."

Siku ya Iddi ng'ombe watatu wa kwanza walikwenda salama. Wa nne alikuwa fahali mwekundu wa pembe ndefu, ametoka Kimwani. Familia moja ilimfuga kwa ajili ya siku hiyo, wamchinje kwa niaba ya baba yao aliyefariki. Alikuwa na tope lililokauka shingoni. Haji akasoma bismillahi, akavuta. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale na nilikiona kisu kikiteleza juu ya ngozi. Akavuta tena, kikaingia nusu, kikagoma. Fahali akajinyanyua na wanaume wanne juu yake, kamba ya mguu ikafyatuka, damu ikawarukia watu kanzu zao mpya. Haji akapokea kisu kingine kutoka kwa mtu, akamaliza. Yote hayo hayakufika dakika moja, lakini kwangu mimi hayajaisha.

Wazee walibishana. Wengine walisema imehalalika, wengine walisema mkono uliinuka. Mwishowe wenye fahali wakasema wao hawatamla, wakachimba shimo nyuma ya uwanja wakamfukia, na binti wa marehemu akalia kama siku ya msiba wenyewe. Pembeni nikamsikia Ustaadhi Zubeiri, katibu wa kamati ya msikiti, akisema polepole, "Mikono ya Haji imechoka. Tumshukuru, lakini imechoka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Badala yake nikaokota kile kisu, nikasema nakwenda kukinoa.

Nyumbani nikapitisha ukucha kwenye makali, nikakuta yamejikunja upande mmoja, urefu wa kidole. Nikachukua tupa. Tupa ikang'ata. Chuma kile kilikuwa laini ndani mpaka nje, nilikuwa nimekinoa tu, sijakikomaza. Na mgomba ungeniambia nini? Mgomba ni maji na nyuzi laini. Hata kipande cha bati ukikinoa vizuri kinaangusha mgomba. Miaka yote ile springi zilikuwa zinaniokoa, mimi nadhani ni ufundi wangu.

Nikakitupia chini ya benchi. Nikajiambia nitatengeneza kingine kilicho sawa, halafu nitamwendea Haji na kumwambia, ili nisiende mikono mitupu. Maneno mazuri, eh? Miezi ikapita. Sokoni watu wanasema mikono ya Haji, kwenye kahawa mikono ya Haji, na mimi nipo, nakunywa kahawa yangu, nanyamaza. Nilikuwa mwoga. Siwezi kulitafutia jina jingine.

Miezi miwili kabla ya Iddi ya kuchinja iliyofuata akaja mwenyewe kibandani. Akakaa kwenye ndoo, akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Kamati wamenipa Iddi hii moja, Fundi," akasema. "Likitokea tena la mwaka jana, wameshampata kijana kutoka Mwanza. Nitengenezee kisu kingine. Kipunguze kidogo. Kile pengine kilikuwa kirefu mno kwa mikono yangu."

Alikuwa anajilaumu mbele yangu, amekaa kwenye ndoo yangu, na kisu chenyewe kiko chini ya benchi, mguu wangu unakigusa. Nikasema, "Sawa, Haji." Hilo tu.

Siku hiyo hiyo nikapiga simu Mwanza kwa mwenye duka la chuma. Nilipomweleza nilivyofanya, alicheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Kisha akanifundisha, na hapa vijana chukueni kalamu. Springi unaweza kuikomaza pale sumaku inapokataa, kwenye nyuzi mia nane hivi. D2 pale bado imelala. Inataka nyuzi elfu moja na ishirini, ikae humo nusu saa, kisha uitoe ipoe kwenye hewa, si oili, si maji. Halafu uirudishe kwenye nyuzi mia mbili, saa mbili, ipoe, tena saa mbili, isije ikawa ngumu ya kumeguka. Ukipunguza joto, inabaki laini. Ukizidisha, umeiharibu. "Mkaa wako haujui kuhesabu, mzee," akaniambia. "Tafuta tanuri lenye mita."

Nilikuwa bado na chuma kile cha Mwanza, cha kutosha visu vitatu. Nikavichonga vyote, nikaanza kuzunguka navyo kwenye mfuko wa mchele.

Chuo cha ufundi walikuwa na tanuri, wakanipeleka kuliona kwa heshima zote. Lilikuwa limekufa siku nyingi, ndani wameweka mafagio. Nikaenda kwa Respicius, rafiki yangu fundi wa meno ya bandia, kwa kuwa nilijua ana tanuri dogo la kuchomea meno. Joto lake lilifika vizuri, na mita ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, ila nafasi yake ndani ilikuwa ya kikombe cha chai. Akapima kisu changu kwa macho, akapima tanuri, akasema, "Niletee Haji mwenyewe, nitamtia meno ya kuchinjia." Sikucheka, na Respicius akaona kwamba kuna kitu.

Kisha nikafanya ujinga. Kijana mmoja mchomeleaji akaniapia kwamba kwa mtungi wa gesi na macho yake anasoma joto kwa rangi, hakosei. Nikampa kisu kimoja. Akakichoma ncha ikayeyuka huku mpini bado mweusi, kikapinda, nikabaki na viwili. Nikapiga simu Dar es Salaam, kiwanda kimoja wakasema wanafanya kazi hiyo, ila wanaanzia kilo hamsini na foleni ni wiki tano. Iddi ilikuwa imebaki siku tisa. Usingizi ulikuwa umenikimbia, chakula kimenishinda, mke wangu ananiuliza kama nina mwanamke mjini.

Aliyenitoa ni Respicius. Alipita kibandani akasema bila kukaa, "Kule Muleba, karibu na Kagoma, kuna masista wanafinyanga vyungu na sahani. Wana tanuri la umeme, kubwa, lenye mita. Wahi."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwao. Mwenye tanuri alikuwa Sista Adventina, mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, mikono imejaa udongo mkavu. Akanipa shikamoo, akanikaribisha kiti, akasikiliza joto ninalotaka akaitikia kwa kichwa. Tanuri lake lilikuwa linapita hapo. Lakini niliposema lazima tulifungue likiwa na nyuzi elfu moja na ishirini nitoe visu, akasimama.

"Hapana, mzee. Tanuri hili halifunguliwi likiwa na moto. Likishafika juu tunalizima, tunalisubiri siku mbili. Hewa ya baridi ikiingia ghafla, matofali yanapasuka na nyaya zinakatika. Nyaya hizi hazipatikani nchi hii. Na hili tanuri ndilo linalosomesha wasichana tunaokaa nao hapa."

Nikasema nitafanya haraka. Akasema kila mtu hufanya haraka. Nikasema nitamlipa. Hilo hata hakulijibu. Basi nikajikuta namweleza yote, fahali wa Kimwani, tupa, kisu chini ya benchi, Haji kwenye ndoo. Sijui kwa nini yeye, wakati mke wangu mwenyewe nilikuwa sijamwambia. Niliongea Kihaya kwa kuwa Kiswahili kilinikatikia njiani.

Akavaa miwani. "Na Haji anajua?"

"Bado, Sista."

"Njoo Alhamisi. Alhamisi halina vyombo ndani." Nikaanza kushukuru, akanizuia kwa mkono wenye udongo. "Lakini nikuulize. Tanuri langu likifa Alhamisi, utawaambia watu ni wewe uliyeliua, au utanyamaza?"

Niliinama, nikafunga mfuko wangu wa mchele. Njia nzima mpaka Bukoba nilikuwa na swali lile.

Iddi ilikuwa Jumapili. Alhamisi saa moja asubuhi tuliwasha. Sista alikuwa ameuchuja udongo laini wa kufinyangia, akavipaka visu vyote viwili koti jembamba, moto usile uso wa chuma. Hilo sikulijua mimi, yeye ndiye aliyelifikiria, na mpaka leo nalifanya. Tukavisimamisha kwa makali kwenye vigingi vya udongo ili visilale vikapinda. Nje ya mlango wa tanuri nikaweka vipande viwili vizito vya chuma bapa, kisu kikitoka nikibane katikati kipoe kimenyooka. Nikajizoeza na koleo la baridi, hatua nne, geuka, bana, mpaka msichana mmoja wa jikoni akadhani nacheza ngoma.

Namba zikapanda kwenye kioo kidogo. Mia tatu. Mia sita. Kwenye adhuhuri tulikuwa mia tisa na arobaini, na umeme ukakatika.

Feni ya dirishani ilizunguka mara chache ikasimama. Namba zikaanza kushuka moja moja mbele ya macho yangu. Tanuri lilitakiwa lipoe siku mbili lipokee mzigo wa sahani za watu, siku nyingine kabla ya Iddi nisingelipata. Sista akatoa rozari, akasali bila sauti, na mimi nikajaribu kusali naye lakini kila nikifika katikati nakiona kile kioo. Mia tisa. Mia nane na sabini. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumdanganya Haji, nawaambia ukweli, maneno yalikuwa yameshanijia yote, kwamba chuma kimechelewa kutoka Mwanza. Ilipofika mia nane na kumi feni ikaanza kuzunguka.

Saa tisa na nusu alasiri tulifika elfu moja na ishirini. Tukahesabu nusu saa kwenye saa ya Sista ya mkononi. Akazima swichi kubwa ya ukutani ili nisikamatwe na umeme, akanitazama nimevaa glovu za kuchomelea na koti la marehemu mtunza bustani wao, akasema, "Kwa jina la Baba." Akafungua.

Joto lile lilinisukuma. Nyusi zangu nilizinusa kabla sijahisi kwamba zinaungua. Kisu cha kwanza kilitoka na rangi ya chungwa inayoelekea manjano, hatua nne, geuka, bana. Cha pili nikakishika vibaya. Kikateleza kwenye koleo, kikaanguka ndani, kikaegemea ukuta wenye nyaya. Nikanyoosha mkono tena.

"Acha," Sista akasema. "Kimoja kinatosha. Toa mkono." Akausukuma mlango kwa bega lake. Ulipojifunga tukasikia ndani mlio mmoja mkavu, tah, kama ule wa kisu nilichokiogesha ujana wangu. Tukatazamana. Ilibidi tusubiri siku mbili kujua ni tofali au ni waya.

Kisu kilichobaki kilipoa kati ya vyuma. Nilipokibanua kilikuwa kimenyooka. Kupasha kwa pili tulikwenda jikoni, kwenye oveni yao ya mikate, nyuzi mia mbili, na Sista akaisugua trei kwa sabuni mwenyewe, mara mbili. "Mwambie Haji wako trei hii nyama ya nguruwe haijaipitia," akasema. Kisu kikakaa chini, mikate ikakaa juu. Wasichana walikuwa wanachungulia dirishani wakicheka, na kusema kweli mkate wa saa ile nilikula vipande vinne, chakula cha kwanza kilichonipita kooni wiki ile.

Kisha nikachukua tupa. Nikaipitisha karibu na mpini, polepole. Ikateleza, ikalia kama inapita kwenye chupa. Nilikaa chini sakafuni pale jikoni. Sista akauliza kama naumwa, nikamwambia hapana.

Ijumaa nilikinoa siku nzima. Kwenye mgomba sikwenda. Nikaomba ngozi mbichi kwa mwenye bucha, yenye manyoya, nikaipaka tope, nikaianika, nikaikata vipande mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikanyoa nywele za mkono wangu kwa kisu kile kile bila kukinoa tena. Jaribuni hivyo. Kisu kijaribu kwenye kazi kitakayoifanya, si kwenye kitu kitakachokusifu.

Jumamosi baada ya adhuhuri nikaenda kwa Haji na visu viwili, kipya na kile cha chini ya benchi, na tupa mfukoni. Alikuwa uani, mkwewe anafua, mjukuu wake Salma anatambaa kwenye mkeka. Mtoto huyo alizaliwa mwezi mmoja kabla ya ile Iddi ya fahali. Nikampa kisu kipya. Akakishika, akakipima uzito, akasema mashallah. Kabla hajasema jingine nikamwekea kile cha zamani miguuni.

"Haji, mwaka jana si mikono yako. Ni hiki. Kilikuwa laini. Nilijua siku ile ile jioni."

Hakuelewa mara moja. Nikachukua tupa, nikampa, nikamwambia aipitishe. Ikang'ata, unga wa chuma ukamwangukia kwenye kanzu. Akapitisha na kwenye kile kipya, ikateleza. Akaviweka vyote chini, akainua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma.

"Nimekwenda hospitali mara mbili kupimwa mishipa," akasema. "Daktari akasema sina kitu. Nikajua ananificha." Akaonyesha kwenye mkeka kwa kidevu. "Huyu sijambeba. Mama yake akinipa namwambia nimechoka. Mwaka mzima, Wallahi. Niliogopa nitamwangusha."

Mkwewe aliacha kufua.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa jina langu litaharibika."

"Na langu je, Projesti?"

Miaka yote ananiita Fundi. Nikamwomba msamaha kwa Kihaya, nimepiga magoti, mzee mzima kwenye ua wa watu. Akachukua fimbo yake akasema, "Inuka. Twende ukawaambie wao."

Baada ya swala ya alasiri nilisimama nje ya msikiti, viatu vya watu vimenizunguka, nikasema yote mbele ya kamati. Nikampa Ustaadhi Zubeiri tupa na kisu cha zamani. Alipitisha mara moja tu. Akasema astaghfirullah, akamwendea Haji akamshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia haraka. Kwa wenye fahali nilikwenda Kimwani mwenyewe wiki iliyofuata. Walinisikiliza mpaka mwisho, hawakunipa chai, na hawakukosea.

Jumapili Haji alichinja ng'ombe tisa. Nilisimama mahali pale pale, hatua kumi. Kila mmoja mvuto mmoja, na katikati alikuwa anakifuta tu kisu kwa kitambaa. Mkono wake haukutikisika, na ungewezaje kutikisika, haukuwahi kuwa na kasoro. Kijana wa Mwanza alikuwepo, akamshikia kamba.

Jibu fupi mlilolingoja ni hili. Hapa Kagera usitafute mtu wa visu, tafuta mtu wa vyungu. Tafuta tanuri la umeme lenye mita, mwenye nalo mheshimu, mwambie ukweli kuhusu mlango kabla hujamwambia kuhusu kisu. Paka udongo laini. Uwe na vyuma vya kubania karibu. Kupasha kwa pili oveni yoyote nzuri inatosha. Usifanye siku ambayo wametangaza kukata umeme. Na mwende na tofali la akiba, maana lililolia siku ile lilikuwa tofali la mlango, nyaya zilipona, na nililichonga jipya na kulipachika kwa mikono yangu. Sista Adventina siku hizi anakubali visu Alhamisi moja kwa mwezi, ila anauliza maswali.

Na kisu chako kikimwangusha mtu, kamwambie siku hiyo hiyo, hata kama huna kingine cha kumpelekea. Mimi nilitafuta tanuri kwanza.

Haji alinisamehe mbele ya watu, na Iddi bado nakula kwake. Salma sasa ana miaka minne. Juzi tulikuwa tumekaa mlangoni, akajikwaa uani akaanguka, akainuka analia. Haji akamnyooshea mikono. Mtoto akampita pale pale mlangoni, akakimbilia jikoni kwa mama yake. Haji akairudisha mikono magotini, akaniuliza nilikuwa nimefika wapi na hadithi yangu.